Nairobi hadi Mombasa kwa gari la umeme: kupanga vituo vya kuchaji, wakati wa kushuka na wakati wa kupanda

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi za lami, na magari mengi ya umeme yaliyoko Kenya hayamalizi safari hiyo kwa chaji moja. Kusimama njiani ni lazima, na kutafuta mahali pa kusimama kwenye ramani ya simu ni kazi ndogo. Safari huharibikia kwingine. Unafika Mtito Andei ukiwa na asilimia 10, mashine ya kuchaji imezimwa, na mji unaofuata ni Voi, kilomita 95 mbele, huku katikati yote ni mbuga ya Tsavo. Ndiyo maana mpango ninaoueleza hapa una kanuni moja inayotawala nyingine zote: usifike kwenye kituo chochote ukiwa na chaji isiyotosha kukufikisha kwenye kituo cha pili.

Mfano wangu ni BYD Atto 3 yenye betri ya yuniti 60. Yuniti ni ile ile unayoinunua kwa tokeni nyumbani, yaani kilowati-saa moja. Ukishazoea kuhesabu safari kwa yuniti badala ya asilimia, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Mwenye Nissan Leaf nitamfikia mbele kidogo.

Hatua ya 1: Jua gari lako linakula kiasi gani

Usitegemee umbali ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Atto 3 imeandikiwa kilomita 420 kwa kipimo cha Ulaya cha WLTP, na gari hilo hilo kwa kipimo cha zamani cha NEDC limeandikiwa 480. Betri ni moja, mwenendo wa kupima ndio tofauti. Magari yaliyotoka Japani na China huja na vipimo vya kwao, na hivyo huwa na ukarimu zaidi. Leaf ya yuniti 40 iliandikiwa kilomita 400 kule Japani na 270 Ulaya.

Pima mwenyewe. Siku moja kabla ya wiki ya safari, jaza betri, futa kihesabu cha safari, kisha endesha hadi Emali na kurudi Nairobi kwa mwendo utakaotumia siku yenyewe. Hapo utakuwa umeteremka na kupanda, umepita malori, umewasha kiyoyozi. Namba ya yuniti kwa kilomita 100 utakayoisoma ukirudi ndiyo namba yako. Kwa mfano wetu nitashika 16 kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Yako ikiwa 19, tumia 19.

Mwendo ndio unaobadilisha namba hiyo kuliko kitu kingine. Hewa inayosukumwa na gari huongeza upinzani wake kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 90 hadi 110 nguvu ya hewa inayokupinga inaongezeka kwa karibu nusu nzima. Barabara hii imejaa trela zilizofungiwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na wenye haraka hukasirika. Kwa gari la umeme, kukaa nyuma ya trela kwa umbali salama kwa kilomita ishirini ni yuniti zilizobaki kwenye betri.

Mambo mengine ya kuongeza kwenye hesabu: mzigo juu ya paa, tairi zisizo na upepo wa kutosha (soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pima tairi zikiwa baridi), barabara yenye maji, na upepo. Watu wa pwani wanaijua kusi. Barabara yetu inashuka kuelekea kusini-mashariki, na kusi inavuma ikitoka upande huo huo, kwa hiyo miezi ya katikati ya mwaka unaposhuka unakuwa unaenda nayo uso kwa uso, hasa kwenye tambarare ya Taru ambako hakuna cha kuizuia.

Hatua ya 2: Hesabu mlima

Hapa ndipo mipango mingi ya safari hii inapokosewa, kwa sababu watu hupanga kwenda kisha hudhani kurudi ni kinyume chake tu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Makindu 1,000, Mtito Andei karibu 750, Voi chini kidogo ya 600, na Mombasa sifuri.

Kwa gari la tani mbili likiwa na watu na mizigo, kila mita 100 za kupanda hula karibu yuniti 0.65 juu ya matumizi ya kawaida. Kila mita 100 za kushuka hukurudishia karibu nusu ya hiyo, kwa sababu mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, lakini kila mzunguko huo una hasara yake. Kwa hiyo kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi kunakugharimu yuniti 11 zaidi ya njia tambarare. Hizo ni kilomita 70 za kuendesha. Kushuka kunakuokolea yuniti tano au sita. Safari mbili kwenye lami ile ile zinatofautiana kwa zaidi ya robo ya betri nzima ya Atto 3.

Hatua ya 3: Hakikisha plagi inaingia

Kituo kinaweza kuwa kizima, kiko wazi, na bado kisikufae. Fungua kifuniko cha kuchajia cha gari lako na uangalie kabla ya jambo lolote. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya na mengi yanayouzwa rasmi Kenya yana Type 2 kwa chaji ya polepole na CCS2 kwa chaji ya kasi. Magari yaliyoingizwa moja kwa moja kutoka China huwa na GB/T. Leaf ya Japani ina CHAdeMO kwa kasi na Type 1 kwa polepole.

Kwa chaji ya polepole, kebo ya kutoka Type 2 kwenda Type 1 au kwenda GB/T ni kitu rahisi, na mwenye gari la Japani au China asiondoke mjini bila hiyo. Kwa chaji ya kasi adapta ni ghali na huchagua mashine, kwa hiyo usiijengee safari mpaka uwe umeijaribu Nairobi kwenye mashine ya aina ile ile.

Jambo lingine linalowapotosha wengi: mashine ya polepole iliyoandikwa kilowati 22 haikupi 22. Inakupa kile ambacho chaja iliyomo ndani ya gari inaweza kupokea, na kwa magari mengi ni 7 tu. Chaja ya kasi ya DC ndiyo inayoipita chaja hiyo ya ndani na kupeleka umeme betrini moja kwa moja.

Hatua ya 4: Chagua vituo kwa jozi

Jozi ni kituo unachokusudia pamoja na kile kitakachokupokea hicho kikikataa. Fungua PlugShare, programu ya simu yenye ramani ya vituo vya kuchaji, na uangalie miji hii kwa mpangilio: Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Mariakani. Ni miji yenye umeme wa gridi, vituo vya mafuta na malazi, na ndiko mashine mpya zinakowekwa. Orodha inabadilika haraka, kwa hiyo usitegemee orodha uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp mwaka jana. Kwa kila kituo angalia tarehe ya mtu wa mwisho aliyeripoti kuchaji hapo. Kama ni miezi mitatu iliyopita, kihesabu kama hakipo mpaka uthibitishe. A Better Routeplanner, programu ya kupanga safari za gari la umeme, nayo inasaidia kwa sababu inahesabu mwinuko, ila iwekee namba yako ya matumizi uliyoipima, usiiachie ikisie.

Sasa tuweke hesabu ya kushuka.

Nairobi hadi Mtito Andei ni kilomita 235. Kwa 16 ni yuniti 38, toa 3 au 4 za mteremko, zinabaki 34, sawa na asilimia 57. Ukitoka na 100 unafika na 43. Mashine ya Mtito ikikataa, Voi iko kilomita 95 mbele: yuniti 15, asilimia 25. Utafika Voi na 18. Jozi hiyo inakubalika. Mashine ya Mtito ikifanya kazi, kutoka hapo hadi Mombasa unahitaji yuniti 37 hivi, asilimia 61. Ongeza 15 za akiba, unapata 76. Chaji mpaka 80 na uondoke.

Kutoka 43 hadi 80 ni yuniti 22. Kwenye chaja ya kasi ya kilowati 50 ni kama nusu saa, muda wa kula na kunyoosha miguu. Kwenye mashine ya polepole ya 7 ni saa tatu na nusu. Kwenye soketi ya kawaida ya ukutani ni zaidi ya saa kumi, yaani umelala hapo. Jua ni ipi kati ya hizo tatu kabla hujatoka nyumbani.

Kwa nini 80 na si 100? Betri ikikaribia kujaa, gari hupunguza kasi ya kupokea umeme ili seli zisiumie. Asilimia 20 za mwisho kwenye chaja ya kasi zinaweza kuchukua muda karibu sawa na sitini za kabla yake. Zisubiri tu kama kituo kinachofuata hakifikiki bila hizo.

Kupanda ni mpango mwingine. Ukijaribu kusimama Mtito pekee, unafika ukiwa na 27, na ili uingie Nairobi na akiba ya 15 lazima uondoke na karibu 90, sehemu ile ya polepole. Isitoshe, ukifika Mtito na 27 ukakuta mashine imekufa, Makindu iko kilomita 67 mbele, tena juu: yuniti 12 au 13, asilimia 21. Utafika na 6. Hiyo si jozi.

Gawanya kupanda mara mbili. Mombasa hadi Voi, kilomita 150, unakula asilimia 46 na kufika na 54. Chaji hadi 80. Voi hadi Makindu, kilomita 162, unakula 47 hivi na kufika na 33, na umeipita Mtito katikati ambayo ni akiba yako. Makindu chaji hadi 70. Nairobi inakula 52, unaingia na 18. Yuniti zote umezichukua kwenye sehemu ya betri inayopokea haraka, na hakuna mahali uliposhika roho mkononi. Makindu kuna sababu nyingine nzuri ya kusimama: hekalu la Masingasinga lililo kando ya barabara limekuwa likilisha wasafiri bure kwa miaka mingi, na ni mahali pa utulivu pa kukaa na watoto.

Hatua ya 5: Piga simu, na uulize vizuri

Piga siku moja kabla, kisha piga tena ukiwa Emali au Kibwezi. Ukimuuliza mlinzi au mhudumu "Mashine iko sawa?" utajibiwa "Iko sawa," kwa sababu taa yake inawaka. Uliza hivi:

"Habari ya kazi, kaka. Gari la mwisho kuchaji hapo lilikuwa lini? Lilikuwa aina gani?"

Jibu la "jana jioni, BYD nyeupe" lina thamani kuliko taa kumi za kijani. Kisha uliza malipo ni kwa M-Pesa, kwa kadi yao au kwa programu yao. Kama ni programu, ipakue na ufungue akaunti ukiwa nyumbani, weka na pesa kabisa. Uliza pia kama lango hufungwa usiku, na kama kuna jenereta. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na kukatika kwa mji mmoja mmoja ni jambo la kawaida zaidi. Kituo chenye jenereta au betri zake kina haki ya kuwa chaguo la kwanza hata kama bei yake iko juu.

Kuhusu bei: mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, iliweka bei maalum ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa yuniti na 8 kwa saa za matumizi madogo, kabla ya tozo na kodi. Hiyo ilikuwa bei ya mwenye mita. Wewe utalipa zaidi, maana kuna mashine ya kulipia, na hilo ni sawa.

Soketi ya gesti

Mpango wowote wa barabara hii unapaswa kuwa na soketi ya ukutani mahali fulani, hata kama unatumaini kutoihitaji. Beba kebo yako ya kuchajia kwa plagi ya kawaida. Soketi zetu ni za pini tatu za mraba, ampea 13, volti 240. Chaji ya usiku mzima kwa ampea 10 hukupa yuniti 20 hivi, kilomita 120 za kuendesha.

Kabla ya kuchomeka, iangalie soketi kwa karibu. Kama plastiki kuzunguka matundu imegeuka kahawia, au plagi inacheza ikiingia, omba nyingine.  Kebo ikiwasha taa nyekundu na kugoma, mara nyingi nyumba haina ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, na usikubali fundi akuwekee njia ya kuidanganya, kwa sababu ethi ndiyo inayokulinda ukishika bodi ya gari kwenye mvua. Usitumie waya wa kuongezea ulio mwembamba, na kama lazima utumie nene, ukunjue wote. Ukiwa umezungushwa kwenye kigurudumu chake unapika. Baada ya dakika ishirini shika plagi. Ikiwa na joto la kikombe cha chai, shusha ampea hadi 8 au 6 kwenye skrini ya gari. Rudia kabla ya kulala.

Ongea na mwenyeji kabla ya kuchukua chumba. Gesti nyingi zina mita za tokeni, na gari lako linaweza kumaliza tokeni za wiki kwa usiku mmoja, nyumba nzima ikaingia giza saa nane. "Mama, naomba kuchaji gari usiku huu, litakula kama yuniti 20. Nikununulie tokeni za 25?" Mnunulie hapo hapo kwa simu, namba ya mita iko ukutani. Hakuna mwenyeji ambaye atakukataa baada ya hapo, na utamwachia njia mwenye gari la umeme atakayekuja nyuma yako.

Ukiwa na Nissan Leaf

Leaf ya yuniti 40 iliyotumika, betri ikiwa imebaki na afya ya asilimia 85, ina yuniti 32 au 33 za kutumia. Ukitunza akiba, kila mkupuo ni kilomita 170. Inafika Makindu kwa shida na Emali kwa raha. Safari yako ni ya vituo vitatu, na betri ya Leaf haina mfumo wa kupoza kwa maji: baada ya chaja ya kasi mara mbili siku moja yenye jua la Tsavo, ya tatu itakwenda polepole sana. Lala Mtito Andei au Voi, chaji usiku kwa polepole, betri ipoe, asubuhi uendelee. Leaf ya yuniti 24 ibaki kazi za mjini.

Siku yenyewe

Panga chaji ya nyumbani iishe karibu na saa ya kuondoka, si saa nne usiku uliotangulia. Betri nyingi hazipendi kukaa zimejaa. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, hewa ingali baridi na Mlolongo haujajaa. Kumbuka kwamba betri ikiwa 100 haina nafasi ya kupokea umeme wa mteremko, kwa hiyo kilomita za kwanza gari halitajipunguza mwendo ukiachia pedali kama ulivyozoea. Tumia breki ya mguu mapema.

Foleni ya ajali ya trela isikutishe. Gari lililosimama na kiyoyozi kimewashwa hula yuniti moja au moja na nusu kwa saa. Kinachotakiwa ni kukumbuka kuitoa kwenye hesabu yako baada ya hapo.

Kila mji mkubwa, linganisha asilimia uliyonayo na uliyopanga. Pungufu ya tano, shusha mwendo hadi 80 mara moja, usisubiri. Pungufu ya kumi, chaji kwenye kituo cha kabla ya ulichokipanga. Kutoka Mtito Andei kuelekea Voi usiingie ukiwa chini ya asilimia 40: ni barabara ya tembo na nyati, malazi ni machache, na mtu hatakiwi kutembea kwa miguu kutafuta msaada. Likitokea la kutokea, gari la umeme halikokotwi kwa kamba magurudumu yakizunguka, maana mota itaendelea kuzalisha umeme na kuharibika. Linabebwa juu ya lori lenye sahani tambarare, na namba ya mwenye lori hilo Voi au Emali iwe kwenye simu yako kabla hujatoka.

Ukifika Mombasa, chomeka usiku ule ule hata kama utakaa siku tano, ufikishe 60 au 70, kisha ujaze hadi 100 usiku wa mwisho. Hesabu yote ya kupanda iliyo hapo juu inaanza na betri iliyojaa, na anayekwenda Diani aongeze kilomita 35 za kwenda na 35 za kurudi. Kabla ya kulala, andika yuniti ulizotumia kila kipande, Nairobi hadi Mtito, Mtito hadi Mombasa. Kama ukishaongeza yuniti za mteremko unakuta kushuka kumekula 18 kwa kilomita 100 badala ya 16, weka 18 kwenye mpango wa kupanda, na huenda kituo cha Makindu kikahitaji kufika 80.